Vipimo vya Kiraka

11 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye meza ya kukatia. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua, nalo halikuanza leo. Natumaini na wewe u mzima na unakula chakula cha kueleweka, si chai na mkate kutwa kama ilivyo desturi yako.

Barua yako niliipata Jumanne. Unisamehe kwa kutopokea simu. Tangu masikio yawe mazito, mtu akinipigia nasikia nyuki kwenye kopo, naitikia ndiyo hata pasipo na ndiyo. Barua nasoma mwenyewe, tena kwa nafasi. Na nimehesabu. Swali lako la kwanza ni kama Kiraka hajambo. La pili, Kiraka anakula? La tatu, bado analala chini ya cherehani au amehamia kitandani kwangu? La nne ndipo ukakumbuka kuwa una baba. Sikulaumu. Mbwa ulimwokota mwenyewe kwenye mtaro nyuma ya kinu cha unga, mimi sikuokotwa na mtu.

Basi, Kiraka hajambo. Anakula. Analala palepale chini ya cherehani, kichwa juu ya kanyagio, na nikitaka kushona namwomba ruhusa. Miaka kumi na mitatu kwa mbwa si mchezo. Uso umeota mvi kote isipokuwa lile doa jeusi jichoni. Ikifika saa kumi na moja jioni, ile saa uliyokuwa ukirudi na mkate, anakwenda kukaa mlangoni. Nimemwambia umesafiri tangu mwaka jana. Haniamini.

Mwalimu mkuu amenenepa tena, nimemwachilia kiuno mara ya tatu. Anasema kitambaa ndicho kinachorudi kikifuliwa.

Yale niliyokuambia siku unaondoka usiyaweke moyoni. Nilikuwa na hasira, na duka lilikuwa linabaki na cherehani mbili na mtu mmoja.

Ni mimi, baba yako.


3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, homa niliyokuwa nayo imekwisha. Pole kwa goti. Usipande juu ya kiti kuchukua majora, mwambie mteja mrefu akushushie.

Uliniambia, "Nenda. Hapa atakayekusubiri ni mbwa tu." Sijayaweka moyoni, baba. Yamekaa yenyewe.

Hujaniuliza kazi yangu ikoje, nakueleza. Niko kwenye chumba cha kushonea cha hospitali, chini kabisa, ukuta mmoja na mashine za kufulia. Nashona shuka zilizochanika, mapazia ya wodi, na magauni ya wagonjwa yaliyokatika kamba. Tuko wanne. Mashine zinanguruma hivyo hakuna anayehangaika kuzungumza, tunaelekezana kwa vidole. Siku nzima inaweza kupita mtu asiniite kwa jina. Jioni narudi ninapokaa, napanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nafungua mlango, nawasha taa, basi. Dirisha langu linatazamana na ukuta.

Lakini nimepata mwenzangu. Ni paka wa kijivu, sikio moja limepasuka, aliingia kwa dirisha bila hodi na kukaa juu ya mto wangu kana kwamba mimi ndiye mgeni. Namwita Mpangaji. Halipi kodi, na chakula anachagua. Anakuja jioni, asubuhi anaondoka, na mimi nimeanza kutembea haraka nikitoka kazini.

Msimamizi anataka nimpe jibu kabla Novemba haijaisha: nichukue likizo ya siku kumi na nne mwezi wa Desemba, au nibaki. Nikamwambia nataka kwenda kumwona Kiraka. Alicheka. Akasema watu huenda kuwaona wazazi wao.

Mkune nyuma ya sikio, lile la kulia.

Binti yako.


2 Aprili

Mwanangu,

Salamu, na pole na kazi. Huku wazima, ingawa mmoja wetu si mzima sana. Sikutaka kukuandikia haya ila najua ukiyakuta baadaye hutanisamehe. Kiraka anakohoa. Ngazi ile moja ya mlangoni inamshinda, namnyanyua, na goti langu unalijua, kwa hiyo kila jioni tunapanda kama wagonjwa wawili wanaosindikizana. Daktari wa mifugo amemsikiliza kifua, akasema moyo umechoka. Ametupa vidonge. Namfichia ndani ya mkate, anakula mkate, kidonge anakitema kwenye kiatu changu.

Bado anakwenda mlangoni saa kumi na moja. Anachelewa kufika, lakini anafika.

Usiwe na wasiwasi.

Baba yako.


21 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua nimeisoma nimesimama kwenye ngazi. Umpondee kidonge, ukichanganye na mchuzi. Usimwache alale sakafuni, mtandikie lile blanketi la kijani lililo juu ya kabati langu.

Mwambie anisubiri. Desemba si mbali. Kama si yeye, kwa kweli sijui ningekuja kufuata nini. Mtaa mzima umeshanisahau.

Niandikie upesi.

Binti yako.


26 Mei

Baba, shikamoo.

Wiki tano sasa. Kimya kingi kina mshindo. Nilimpigia mpiga picha wa jirani, akasema amekuona, duka liko wazi, u mzima. Nikamuuliza mbwa. Akasema mbwa yuko chini ya cherehani kama siku zote. Kama ni hivyo, mbona huandiki?

Binti yako.


17 Juni

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Nisamehe kwa kimya, kazi zilikuwa nyingi, sare za shule na mambo kama hayo. Mimi mzima.

Kiraka hajambo. Vidonge vimemfaa kupita kiasi. Kikohozi kimekwisha, ngazi anairuka, na amepata hamu ya kula ambayo sijui ametoa wapi. Juzi amekula ndara yangu ya kulia, jana akafuata ya kushoto ili mwenzake asijisikie mpweke. Ukimkuta Desemba utashangaa. Kwa hiyo usibadilishe mpango wako, mwambie msimamizi unakuja.

Nimefurahi kusikia habari za Mpangaji. Mpe salamu.

Baba yako.


14 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti chumbani, kwa furaha, ingawa hapakuwa na wa kunisikia. Mpangaji ameondoka.

Nitakueleza. Siku tatu hakuja. Siku ya nne nikashuka kuuliza. Nikagundua kuwa ghorofa ya kwanza walikuwa wakimwita Malkia na kumpa maziwa, ghorofa ya pili wakimwita Babu na kumpa ini, na wote tulidhani ni wetu. Wa ghorofa ya kwanza wamehama, wakamchukua kwenye kikapu. Ndiyo haki yao, walikuwa naye miaka sita. Nimekaa hapa mwaka na miezi, baba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nagonga mlango wa mtu kwenye jengo hili. Nikarudi juu. Dirisha bado naliacha wazi, na mvua inaingia.

Yaache hayo. Mbwa mzee aliyepona moyo lazima akingwe na baridi. Kuna vipande vya blanketi zuri la wodini ambalo limetolewa kwenye matumizi, msimamizi ameniruhusu nivichukue. Nataka kumshonea Kiraka koti. Mpime upya: shingo, kifua, mgongo. Najua amekonda, kwa hiyo usichukue vya zamani.

Binti yako.


6 Agosti

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa baba yako na goti lake. Pole sana kwa Mpangaji. Funga dirisha, utaugua.

Vipimo hivi hapa. Nimepima asubuhi kabla hajala.

Shingo: inchi 15.
Kifua: inchi 24.
Mgongo, kutoka kwenye ukosi hadi mzizi wa mkia: inchi 19.

Mvua ikinyesha anatetemeka sana na kujibanza karibu na pasi, mpaka namhurumia. Koti litamfaa. Usibane kwapani, ana mbio.

Baba yako.


1 Septemba

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Vipimo vyako nimekaa navyo zaidi ya wiki mbili.

Kiraka ana ukurasa wake kwenye daftari lako, katikati ya mwalimu mkuu na mpiga picha. Niliuandika mimi mwenyewe nikiwa shuleni, wewe ukanisahihisha mwandiko. Shingo 17. Kifua 27. Mgongo 23. Nauona nikifumba macho.

Kifua kimepungua, sawa, uzee. Shingo nayo, sawa. Lakini wewe ndiye uliyenigonga vidole kwa chaki na kuniambia, "Mtu atanenepa na atakonda, mgongo wa aliyekwisha kukomaa hauna habari." Hizi inchi nne za mbwa zimekwenda wapi?

Nimekumbuka na ndara. Kiraka hajawahi kutafuna kiatu tangu utotoni. Nimekumbuka na mbio.

Nijibu swali moja tu, kisha nitajua la kufanya. Aliye chini ya cherehani ni nani?

Binti yako.


16 Septemba

Mwanangu,

Sina salamu za kutosha kuanzia barua hii, kwa hiyo chukua zile za siku zote.

Njia ya mwongo fupi, nami yangu ilikuwa na urefu wa inchi kumi na tisa. Niliposhika futi ya kupimia nilijua. Ningeweza kufungua daftari, nikapunguza kidogo hapa na pale, usingegundua. Nilishika hata kalamu. Miaka arobaini na moja sijaandika kipimo ambacho futi haikusema, mkono ukagoma. Na huyu anatetemeka kweli. Ningekudanganya, ungemshonea koti linaloburura.

Kiraka alikufa tarehe nane Mei, asubuhi. Nilikuwa nakunja pindo la suruali ya mwalimu mkuu. Nikamwomba asogee kama kawaida, hakusogea. Nikadhani ananigomea. Nikakaa na mguu hewani, namngojea aamue, kwa muda mrefu kweli, ndipo nikainama. Alikuwa juu ya blanketi lako la kijani, nililomtandikia mwenyewe kabla agizo lako halijafika.

Nimemzika uani, karibu na bomba, pale alipopenda kujimwaga. Nilimfunga kwenye kile kitambaa cha bluu nilichokuwa nimekuwekea, cha koti la siku utakapofungua duka lako. Nisamehe na kwa hilo. Sikuona kitambaa kingine kilichomfaa.

Barua yako ya Aprili, ile ya kumwambia akusubiri, ilifika siku mbili baada ya kumzika. Nikasoma ulipoandika kuwa kama si yeye hujui ungekuja kufuata nini. Ni kweli tupu. Mimi ndiye niliyekuambia hapa atakayekusubiri ni mbwa tu. Na mbwa ndiye huyo, uani. Nikaona kuwa nikikuandikia ukweli, nitakuwa nimekuandikia usije.

Huyu mwingine alikuja katikati ya Mei, mvua inanyesha, mwembamba, rangi ya mkate uliochomeka, na kipande cha kamba shingoni. Akapita katikati ya wateja wawili, akaingia chini ya cherehani, akalaza kichwa kwenye kanyagio. Sikumkaribisha. Kumfukuza nako kulinishinda, nilichoweza ni kumkata ile kamba. Mpiga picha hakukudanganya, yeye akiwa mlangoni haoni zaidi ya mkia. Jina sijampa, niliona kumpa jina ni kumwondoa Kiraka mara ya pili. Namwambia "wewe, sogea", naye anasogea. Kwa hiyo anaitwa Wewe.

Nimesema yote. Usipokuja Desemba, nitaelewa.

Baba yako.


27 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nimekaa wiki nyingi bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo, nakuambia ili usije ukadhani imekwisha. Miezi minne nimekuwa nikimtumia salamu mbwa aliyekufa. Nilimnunulia kitana.

Barua yako niliifungua kazini wakati wa mapumziko. Nililia palepale juu ya shuka, baba, kwa kelele, kama mtoto. Wenzangu wakazima mashine moja baada ya nyingine. Ndipo nikazijua sauti zao. Yule mama anayeshona mapazia akaniuliza nani amefariki. Nikasema mbwa. Nilitazamia acheke. Akavuta kiti, akanieleza habari za paka wake aliyekufa miaka tisa iliyopita, na hadi leo akikata nyama anamwekea kando kipande. Siku hizi tunakula naye mchana.

Sasa nisikilize. Ulihesabu maswali yangu, ukaona Kiraka anauliziwa mara tatu na wewe mara moja. Hesabu ni sahihi. Lakini wewe ni mtu ambaye sindano ikimpita kidoleni akaulizwa hujambo, atajibu sijambo na damu inatiririka. Tangu mama afariki sijapata jibu jingine kwako. Kwa hiyo niliuliza mbwa. Ukiniambia Kiraka anakula, najua umepika. Ukiniambia hakulala vizuri, najua nawe ulikuwa macho. Ukiniambia mnapanda ngazi kama wagonjwa wawili, nakuona. Habari zako zote nimezipata kwa Kiraka, baba. Nami nikakuandikia kuwa namfuata yeye, kwa sababu kuandika lile jingine kulinishinda. Sisi ni watu wa ajabu.

Koti nimelishona kwa vipimo ulivyoleta, inchi kumi na tisa, kwapani limelegea. Litaletwa na gari la mizigo wiki ijayo. Mvishe Wewe, usimweleze lilikuwa la nani.

Blanketi limebaki, tena kipande kikubwa. Nataka kukushonea koti la ndani. Vipimo vyako kwenye daftari ni vya mwaka ule tuliomzika mama, sivitaki. Nipimie upya.

Na unijibu hili, maana msimamizi ananingoja hadi mwisho wa Novemba na bado sijamwambia kitu. Ulisema hapa atakayenisubiri ni mbwa tu. Mbwa huyo amekufa. Sasa ni nani?

Binti yako.


12 Novemba

Mwanangu, mama yangu,

Salamu. Umeniuliza hujambo miaka yote na nimekujibu sijambo. Leo nakujibu vizuri. Goti linauma, usingizi unakatika, na chakula cha mtu mmoja hakipikiki, ama kinabaki ama kinaungua. Masikio unayajua. Nyumba ni kubwa. Hayo ndiyo majibu, yamekusanyika.

Koti limefika. Wewe amelivaa, akasimama katikati ya duka bila kusogea robo saa, kama mwalimu mkuu anapojaribu suti. Halibani popote. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwepo, akauliza nani kashona. Nikamwambia.

Nilikuandikia Februari kuwa Kiraka anakwenda mlangoni saa kumi na moja. Sikuandika kuwa nilikuwa nakwenda naye. Kile kiti kifupi cha kushonea vifungo kiko mlangoni tangu wiki uliyoondoka. Alipokufa niliendelea kukaa peke yangu, wateja wakadhani napunga upepo. Umeuliza ni nani. Ni mimi. Hata siku ile unaondoka, pale kituoni, ilikuwa ni mimi, nikamsingizia mbwa.

Vipimo vyangu hivi hapa. Nimepima mwenyewe, nimesimama mbele ya kioo.

Shingo: inchi 15 na nusu.
Kifua: inchi 37.
Kiuno: inchi 34.
Mkono: inchi 23.
Mgongo:

Mgongo umenishinda. Nimejaribu asubuhi yote. Nikishika futi juu, chini inateleza. Nikiibana chini, juu inatoka. Mara ya mwisho Wewe alidaka ncha moja kwa meno akakimbia nayo uani. Ningeweza kuandika ile ya zamani, wewe mwenyewe unajua mgongo haubadiliki. Lakini nadhani wangu umeinama kidogo, na mtu hajipimi mgongo.

Nimekuachia nafasi. Futi naiacha mezani.

Baba yako.